Maradhi Niliyoyaficha Miaka Minane



Ndugu wasomaji, wazee kwa vijana, mmezowea kuniona katika ukurasa huu nikizungumza juu ya malezi ya watoto, adabu za chuoni na haki za jirani. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo mtu mzima huona tabu kulitaja mbele ya watu, nalo ni maradhi ya kibofu cha mkojo, na namna nilivyopimwa mpaka yakajulikana. Nilisita sana kabla ya kushika kalamu. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Bwana, ikiwa wewe uliye mwalimu waona haya kulisema, wanafunzi wako watalisemaje?" Sikuwa na jawabu la kumrudishia. Basi nisomeni kwa stahamala, na mwenye kufaidika asinisahau katika dua zake.

Mimi ni mtu wa Pemba. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani na skuli ya msingi, wala mimi si tabibu. Ninayoyaeleza hapa ni yale yaliyonipata mwenyewe, na yale niliyofahamishwa na madaktari, nami nikawauliza tena na tena mpaka nikayafahamu.

Katika kijiji chetu palikuwa na ziwa dogo ukingoni mwa bonde la mpunga. Hapo mama zetu walikuwa wakifua, na hapo sisi watoto tukitoka chuoni tulikuwa tukioga na kupiga mbizi na, Mwenyezi Mungu atusamehe, tukikojoa humo humo. Nilipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, nilianza kuona matone ya damu mwisho wa mkojo wangu. Wenzangu wengi nao walikuwa wakiyaona. Hatukuogopa, bali tulijigamba, kwani tulidhani hiyo ni dalili ya mtoto kukaribia kuwa mwanamume. Sikumwambia baba wala mama. Mwaka 1986 ilianza huko Pemba kazi kubwa ya kupambana na kichocho, watoto wa skuli wakapimwa mikojo na wenye damu wakapewa dawa. Lakini mimi nalikuwa nimekwisha kutoka skuli, namsaidia ami yangu kazi za shamba, na dawa hiyo haikunifikia. Baada ya miaka damu ile ikakoma yenyewe, nami nikaisahau, kama mtu aliyeona moshi umekwisha akadhani na moto umezimika.

Nilipofika umri wa miaka 46 maradhi yalinirudia kwa sura nyingine. Mkojo ulikuwa ukiniunguza, tena ukinijia kwa haraka mno, hata nikiusikia sina muhula wa kufika chooni. Usiku nilikuwa nikiamka mara tano na mara sita. Nikaenda duka la dawa, nikanong'ona shida yangu, nikapewa vidonge. Nikapata nafuu wiki mbili, kisha yakarudi. Nikanunua vingine, vikali zaidi. Miaka ikapita hivyo hivyo, nami sijapata hata siku moja kumpa mtu mkojo wangu autazame. Dawa bila ya kipimo ni jiwe linalorushwa gizani, aghalabu halimpati adui, na pengine humpata mwenyewe mrushaji.

Nalikuwa nikisalisha magharibi na isha katika msikiti wetu. Nilipoona siwezi kuwa na yakini ya udhu wangu, niliacha kusalisha, na watu waliponiuliza niliwaambia kwamba sauti yangu imeharibika. Huo ulikuwa uwongo. Nikaacha kuhudhuria harusi na mazishi ya mbali kwa kuwa sikujua choo kiko wapi. Watu wakasema Maalim amejitenga, amejiona. Nilipendelea waseme hayo kuliko wajue yaliyo kweli.

Sasa nitakuelezeni tukio ambalo kila nikilikumbuka huinamisha kichwa. Siku moja chuoni mtoto wa miaka 11 aliniomba ruhusa kwenda chooni. Nikampa. Haukupita muda akaomba tena, nikampa. Alipoomba mara ya tatu nilimkataza, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba huo ni ujanja wa kukimbia sabaki. Mtoto akakaa. Baada ya dakika chache akajikojolea juu ya mkeka, wenzake wakamcheka, nami nikamwamuru aukunje mkeka akauoshe. Akautoa nje huku analia. Na usiku wa siku ile ile, Mwenyezi Mungu akataka kunionyesha, mimi mwalimu wake, mtu mzima mwenye wajukuu, niliamka nimelowa nguo na godoro.

Mke wangu hakucheka wala hakukemea. Alibadilisha shuka, akakaa kitako, akaniambia, "Miaka minane nakuona unateseka, nami nakungoja useme. Kesho twende hospitali pamoja." Tukaenda.

Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana, rika la mwanangu wa kwanza. Alianza kwa kuniuliza maswali: Mara ngapi kwa siku? Mara ngapi usiku? Pana damu? Mwanzo wa mkojo au mwisho? Wavuta sigara? Nami nikawa namjibu kwa kumung'unya maneno. Akaniambia kwa upole, "Maalim, mkojo kwangu mimi ni kama herufi kwako wewe. Mimi siuchukii, mimi nausoma." Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia, "Ulipokuwa mtoto, Maalim, ulikuwa ukioga wapi?" Nikamtajia ziwa letu. Akaandika.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha daftari na kikombe. Nilipewa kikombe chenye alama za vipimo, nikaambiwa kwa muda wa siku tatu nikojoe ndani yake, niandike saa na kiasi. Mimi niliyezowea kuandika mahudhurio ya watoto nikawa naandika mahudhurio ya mkojo wangu. Kibofu cha mtu mzima mwenye afya hupokea kiasi cha mililita 400 hata 500. Changu hakikupata kuvuka 150, na nilikuwa nikienda chooni mara 18 kwa siku. Daftari lile lilisema katika siku tatu yale niliyoshindwa kuyasema kwa miaka minane.

Kipimo cha pili kilikuwa cha mkojo wenyewe. Msidhani kwamba kila mkojo ni sawa na kila wakati ni sawa. Kwa kutafuta vijidudu vya kawaida, mtu hujitahirisha kwanza, akauacha mkojo wa mwanzo upite, kisha akakinga wa katikati katika chombo safi, ukapelekwa maabara kuoteshwa kwa siku mbili tatu ili ijulikane ni kijidudu gani na dawa ipi inayokiua. Lakini kwa kutafuta kichocho, mkojo hutakiwa wa baina ya saa 4 za asubuhi na saa 8 za mchana, kwani huo ndio wakati ambao mayai hutoka kwa wingi, na matone ya mwisho yasiachwe. Huchujwa mililita 10, kisha hutazamwa kwa hadubini. Yai la kichocho cha mkojo ni la duara refu, lina mwiba mdogo ncha moja. Mwiba huo ndio unaochana nyama ya kibofu na kutoa damu.

Mkojo wangu ulionekana una damu isiyoonekana kwa macho, lakini mayai hayakuonekana. Nikafurahi, nikadhani nimesalimika. Daktari akanizuia, akanifahamisha kwamba maradhi yakishakuwa ya zamani mayai hukwama ndani ya ukuta wa kibofu, wala hayatoki tena, basi kutoyaona katika mkojo si hoja kwamba hayapo.

Hapa inafaa nikufahamisheni kichocho ni nini, maana wengi tunalijua jina tu. Mtu mwenye maradhi akikojoa ndani ya maji matamu, mayai hupasuka, vikatoka vidudu visivyoonekana kwa macho. Vidudu hivyo humwingia konokono wa majini, vikazaana ndani yake, kisha vikatoka kwa maelfu kuogelea. Mtu akitia mguu wake majini humwingia kwa kupenya ngozi, katika dakika chache, naye hana khabari. Vikishaingia hufuata damu, vikakua kuwa minyoo, dume na jike, ikakaa katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu na kutaga mayai kila siku kwa miaka. Mayai mengine hutoka na mkojo, na mengine hukwama. Maji ya bahari hayana maradhi haya, kwa kuwa konokono huyo haishi katika maji ya chumvi.

Wala maradhi haya si ya jana. Mwaka 1910 mtaalamu mmoja aitwaye Marc Armand Ruffer alieleza kwamba ameyaona mayai yake ndani ya mafigo ya maiti za kale za Misri zilizohifadhiwa, zenye umri wa miaka elfu tatu hivi. Mnyoo wenyewe uligunduliwa mwaka 1851 katika mji wa Cairo na daktari wa Kijerumani aitwaye Theodor Bilharz, na kwa ajili hiyo watu wa nchi nyingi huyaita maradhi haya kwa jina lake. Na khabari ya konokono ilithibitishwa huko huko Misri mwaka 1915 na Robert Leiper. Angalieni basi muda gani binadamu aliugua pasina kujua mlango adui alioingilia.

Turudi katika vipimo vyangu. Cha tatu kilikuwa altrasaundi, yaani picha inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti. Hakina sindano wala maumivu, lakini kina sharti moja zito kwa mtu kama mimi, nalo ni kunywa maji mengi na kuuzuia mkojo mpaka kibofu kijae. Niliyekuwa nikipima alikuwa mwanamke kijana. Nilitaka kuondoka. Nikauliza kama pana mwanamume, nikaambiwa siku ile hapana. Akanifunika shuka vizuri, akafunua pale tu panapohitajiwa, akamwacha mke wangu asimame kando yangu. Hapo nikakumbuka yale ambayo mimi mwenyewe nimeyasomesha miaka thelathini, kwamba dharura huhalalisha lililokatazwa, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mgonjwa atafute kwanza tabibu wa jinsi yake. Akimkosa, ajifunue kwa kiasi cha haja na si zaidi. Hii ndiyo sharia, na haikuwekwa ili mtu afe na stara yake.

Picha ilionyesha kwamba ukuta wa kibofu changu umenenepa, mahali pamoja umetuna, na figo la kushoto limevimba kidogo kwa sababu mrija uletao mkojo kutoka huko umebanwa. Hayo ya figo ndiyo yaliyonitisha. Mimi nikidhani naficha aibu ya nguo kulowa, kumbe nalikuwa naficha khatari ya figo kufa kimya kimya.

Daktari alipima pia tezi dume kwa kidole, kupitia njia ya nyuma. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu najua wanaume wenzangu wanaokimbia hospitali kwa khofu ya kipimo hiki tu. Nami nilitaka kukimbia. Hakikuchukua hata dakika moja. Aibu niliyoichukua moyoni kwa kukiogopa ilikuwa nzito mara mia kuliko kipimo chenyewe.

Kisha daktari akaniambia neno ambalo nalikuwa naliogopa. "Maalim, lazima tuingie ndani tutazame. Patakapokuwa na mashaka tutachukua kinyama kidogo tukipime, tujue kama pana saratani." Akanieleza kwamba kichocho kilichokaa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu, na kwamba mwaka 1994 wataalamu wa utafiti wa saratani walio chini ya Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa mnyoo huu ni miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Na tumbaku nayo ni kisababishi kikubwa cha saratani ya kibofu. Vijana mnaovuta, sikieni.

Nikapewa barua ya kwenda Unguja. Safari ile ya boti niliifanya nimekaa karibu na mlango wa choo, na mke wangu kanikalia upande wa watu ili wasinione nikiinuka mara kwa mara. Mwenyezi Mungu amlipe.

Kipimo hicho huitwa sistoskopi, na watu wa kawaida hukiita kipimo cha kamera. Kwanza walihakikisha kwamba mkojo wangu hauna vijidudu, kwani kuingiza chombo penye vijidudu ni kuvitawanya mwilini. Wengine hutiwa dawa ya ganzi iliyo kama utelezi katika njia ya mkojo, ikatosha. Mimi, kwa kuwa palikuwa na kinyama cha kukatwa, nilipigwa sindano ya ganzi mgongoni, na kutoka kiunoni kushuka chini nikawa sijihisi, lakini macho yangu yanaona na masikio yanasikia. Chombo chembamba chenye taa na kamera huingizwa kwa njia ya mkojo, kibofu hujazwa maji ili kuta zake zinyooke, na daktari akatazama katika kioo pembezoni mwake. Akaniuliza kama nataka kutazama. Nikamwambia naam.

Nilidhani nitaona giza. Nikaona ukuta wa rangi ya waridi wenye mishipa myembamba, na juu yake mabaka ya manjano yanayong'aa, mithili ya mchanga wa pwani uliomwagwa juu ya kitambaa. Daktari akaelekeza kidole akasema, "Yale ni mayai ya kichocho, Maalim. Yamekufa, yamegeuka chokaa. Yamekaa hapa tangu ulipokuwa mtoto." Ndugu zangu, ziwa lile limekwisha kukauka, na baadhi ya wenzangu niliooga nao wamekwisha kuzikwa, lakini mchanga wake nilikuwa nimeuchukua tumboni mwangu kwa zaidi ya miaka 40.

Palipokuwa pametuna palikatwa vipande vidogo, kadiri ya chembe za mchele, vikatiwa katika chupa. Kazi yote haikupita nusu saa. Nililala usiku mmoja na mpira wa mkojo, na siku mbili baadaye mkojo uliniunguza na kuwa na rangi hafifu ya damu. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa, ninywe maji kwa wingi, na nirudi mara moja nikipata homa, au damu ya mabonge, au mkojo ukifunga. Hakuna lililonipata katika hayo.

Tukarejea nyumbani kungoja jawabu. Jawabu lilichukua wiki tatu. Katika wiki zile niliandika wasia wangu na madeni yangu, nikayarejesha mabuku ya watu, nikamwomba radhi mke wangu. Na kitu kilichonikosesha usingizi zaidi si mauti, kwani mauti ni haki ya kila nafsi. Kilichonikosesha usingizi ni yule mtoto na mkeka wake. Asubuhi moja, kabla jawabu langu halijaja, nilikwenda kwa baba yake. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mwanao anakwenda chooni mara nyingi, nami nilimdhulumu. Mpeleke akapimwe mkojo, tena usimkemee." Baba yule alishangaa, lakini alimpeleka. Mtoto akakutwa na damu na mayai. Alikuwa akioga mtoni pamoja na wenzake, kama tulivyokuwa tukioga sisi. Akapewa dawa. Siku aliporejea chuoni nilimwita mbele ya wanafunzi wote, wale wale waliomcheka, nikamwomba msamaha. Akainamisha macho akasema, "Nimekusamehe, Maalim." Nimesomesha watu wengi, lakini siku ile mimi ndiye niliyesomeshwa.

Jawabu langu likaja. Saratani haikuwamo. Palikuwa na mayai mengi na jeraha la siku nyingi. Nikasujudu sijida ya shukurani pale pale hospitali. Nikapewa dawa iitwayo prazikwanteli, ambayo hupimwa kwa uzito wa mwili, miligramu 40 kwa kila kilo. Mimi mwenye kilo 60 nilimeza vidonge 4 vya miligramu 600 baada ya kula, kwa siku moja tu, ili kama pana mnyoo uliobaki hai ufe. Lakini dawa hii huua minyoo, haifuti makovu. Kibofu changu kimekuwa kigumu kama ngozi ya ngoma ya zamani. Napewa dawa ya kukituliza, najizoweza kuuchelewesha mkojo kidogo kidogo, figo langu hupigwa picha kila baada ya muda, wala uvimbe wake haukuzidi, na lazima nirudi kutazamwa kwa kamera, kwani kibofu kilichojeruhiwa hivi si cha kuaminiwa. Nilikuwa nikienda chooni mara 18, sasa mara 10 au 11. Usiku naamka mara mbili. Sikupona kabisa, nami nasema Alhamdulillahi.

Na swala yangu? Jambo nililolificha kwa miaka lilikuwa na ufumbuzi ndani ya vitabu nilivyokuwa nimevipanga rafuni kwangu. Mtu asiyeweza kuuzuia mkojo hujitahirisha baada ya wakati wa swala kuingia, hujifunga kitambaa safi, hutia udhu na kuswali mara moja, kila faradhi kwa udhu wake, na kitakachomtoka baada ya hapo bila ya khiyari yake hakimdhuru. Nalikuwa nikiwafundisha watoto mlango huu nao wakihifadhi, mimi mwenyewe nikiwa siufanyii kazi kwa nafsi yangu. Sasa naswali nyuma ya imamu kwa raha ya moyo, na jamaa wa msikiti nimekwisha kuwaambia ukweli wa ile sauti yangu.

Basi, ndugu zangu, nina nasaha chache.

Kwanza, kwenu wazazi. Mtoto akiona damu katika mkojo, au akienda chooni mara nyingi, msimcheke wala msimpige. Mpelekeni akapimwe. Na siku ya kugawiwa dawa ya kichocho skuli au mtaani, mtoto anapopimwa kimo kwa kijiti chenye alama ili ijulikane idadi ya vidonge vyake, msimfiche. Mpeni chakula kabla ya kwenda. Mjue pia kwamba dawa haimkingi na maji ya kesho. Akirudi ziwani, maradhi yanaweza kumrudia.

Pili, juu ya mabinti zetu. Kichocho huweza kuwaumiza wanawake katika sehemu zao za uzazi, wakatokwa na damu isiyokuwa ya hedhi, wakapata maumivu na uchafu. Binti akipatwa na hayo, mama asikimbilie kumtuhumu kwa jambo asilolitenda. Mito na mabonde tunayowatuma kwenda kufua ndimo alimo adui. Dhana mbaya juu ya binti msafi ni dhambi juu ya maradhi.

Tatu, kwenu vijana. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, kisha akaoga humo. Karne nyingi zilipita kabla ya wataalamu kumjua konokono. Lau sisi watoto wa ziwani tungelifuata katazo hilo moja, mayai yangekosa maji, konokono angekosa vidudu, nasi tungesalimika. Nalikuwa nikilijua katazo hilo kwa moyo, na nikilivunja kila alasiri.

Nne, kwa wazee wenzangu mnaoamka usiku na kunong'ona katika maduka ya dawa. Haya ni katika imani, na yote ni kheri. Lakini hilo tunalolificha kwa daktari si haya, ni woga uliovaa kanzu ya haya. Haya humzuia mtu na uovu, wala haimzuii na tiba. Nendeni mkapimwe. Kama ni jambo dogo litatibiwa likiwa dogo, na kama ni kubwa, kheri kulijua leo kuliko kulingoja.

Chuoni kwangu kuna sharti jipya. Mtoto anayetaka kwenda chooni haombi ruhusa. Huinuka akaenda, akarudi akaendelea na sabaki yake. Na mwenye kwenda mara nyingi, mimi humfuata baba yake jioni, nikazungumza naye kwa siri.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, walio wazi na waliojificha, na awalipe kheri wale wanaotuuguza. Amin.